Pine Iliyoandikwa FRONT

Ndugu zangu, mama zangu, wakubwa wa mutuelle yetu, chama chetu cha kusaidiana sisi waendesha-moto, waendesha pikipiki, na ninyi wageni mliokaa karibu na mlango ili mpate kukimbia kama ushuhuda utakuwa mrefu, nawasalimu wote. Sitakuwa mrefu. Wale wanaonijua wameanza kucheka, lakini leo nitafupisha kweli, kwa sababu mawingu yale juu ya Shituru siyapendi hata kidogo.

Nimesimama kuwaeleza namna nilivyoanguka. Najua kuna watu wakisema mbele ya kikundi "nilianguka," maana yake ni pombe, ama mambo ya jirani. Mimi nilianguka kabisa, na moto, na abiria, na beseni la samaki. Majina ya watu siyataji. Atakayejitambua, acheke kama wengine.

Mnajua kwamba moto ninayoendesha si yangu. Ni ya bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Aliinunua kwa kushona uniforme za wanafunzi, msimu hadi msimu, mpaka mashine ikawa inalala ikitetemeka. Kabla ya hapo mimi nilikuwa ninasukuma pusupusu, mkokoteni wa makala ya kupikia, wa shemeji yangu, kaka ya bibi. Na shemeji, ndugu zangu, ni mtu anayekaa kwenye kivuli anakuambia "sukuma na akili, Prof, sukuma na akili." Ananiita Prof kwa sababu nilisoma masomo ya jioni miaka sita, mchana makala, jioni geometria, na mwishoni nikapata diplome yangu ya serikali. Iko ukutani juu ya televisheni, na kioo chake ni kizuri kuliko kioo cha dirisha letu. Tangu siku ile avenue nzima inaniita Prof. Wananiletea barua, sanduku za dawa, hata mifuko ya mbolea, niwasomee. Na mimi nasoma. Hata lisiloandikwa nalisoma.

Basi, pine ya nyuma ya moto, tairi lake, ilimalizika. Nawaambia, ilikuwa laini, unaweza kujiangalia ndani yake ukanyoa ndevu. Inzi akitua juu yake, anateleza. Bibi aliniambia nibadilishe, nikasema bado kidogo. Halafu asubuhi moja, pale reli inapokata njia ya kwenda kiwandani, reli ikiwa na umande tu, si mvua, umande, moto ikalala. Nyuma nilikuwa nimebeba bwana mmoja wa suti nyeupe, shahidi wa harusi. Alifika kanisani upande mmoja mweupe, upande mwingine rangi ya udongo wa Katanga. Kwenye picha zote za harusi wamemsimamisha kiubavu.

Bibi alisikia habari kabla sijafika nyumbani. Alikuwa na sindano tatu mdomoni, akazitoa moja moja, na hiyo ni dalili mbaya.

"Papa, ile moto ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Njo vile. Basi sikia muzuri. Enda utafute pine. Na ukianguka tena juu ya pine, minye nauzisha moto, na asubui yake weye unarudia ku pusupusu ya kaka yangu."

"Mama, siwezi kuanguka mara ya pili. Niko na diplome."

"Diplome haiko na frein ya kusimamisha moto," akasema, akarudisha sindano mdomoni.

Nikaenda sokoni na pesa alizonipa. Zilitosha pine moja nzuri, na kidogo juu. Lakini mimi nilitaka pine mbili, mbele na nyuma, moto ionekane kama bibi-arusi. Muuzaji, kijana mwenye heshima, alinionyesha kwanza zile za okazio, zilizokwisha kutumika. Nyeusi, zinang'aa, na mifereji mizuri. Nikapitisha kidole, kidole kikatoka kama nimepiga viatu kirage. Nikamwambia: "Hii ilimalizikaka, mumekata mifereji na kisu ya kuchoma, halafu mumepaka kirage." Akacheka, akasema: "Papa, weye uko na macho." Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoharibika. Mtu akikusifu macho sokoni, kamata mfuko wako.

Akanionyesha za bei kubwa. Meno makubwa, unaweza kulima viazi. Bei yake nilijifanya sikusikia. Halafu kwenye kona nikaona rundo. Pine mpya, karatasi bado imebandikwa, mistari imenyooka kuzunguka yote kama karatasi ya daftari, na bei yake nusu ya zile nyingine. Nikainama nisome ubavuni, maana mimi siwezi kuona maandishi nikayapita bila kuyasalimia. Imeandikwa kwa herufi kubwa: FRONT.

Moyo wangu ulipiga. Ninyi nyote mnasikiliza redio. Kila siku, askari wamepelekwa ku front, askari wamerudi kutoka ku front. Sisi tuliosoma Kifaransa neno hilo tunalijua: ni mahali pa vita. Nikajiambia, Prof, hizi ni pine za jeshi. Zilitengenezwa kwa vita, vita haikuzitaka, zimeangukia hapa kwetu Likasi.

Lakini sikununua bila kuuliza. Mtu asiseme sikuuliza. Nilimnong'oneza muuzaji, kusudi wengine wasisikie:

"Kijana, hizi ni za ku front?"

"Ee, papa. Front. Ni za mbele."

"Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, papa."

"Na zinavumilia?"

"Ya mbele haimalizikaka mbio. Njo maana ziko mingi. Bantu banamalizaka za nyuma, za mbele zinabakia."

Mmesikia wenyewe. Kijana alisema ukweli mtupu, kila neno. Mimi nikasikia kwamba pine ya mbele, kule risasi zinakopita, haimaliziki, na kwamba zile za askari wanaobaki nyuma kupika ndizo zinazomalizika. Nikasema nipe mbili.

"Mbili? Papa, zote mbili za mbele? Uko na hakika?"

"Kijana, minye niko na diplome."

"Bon, haya," akasema. Hiyo "bon" mpaka leo ninaisikia.

Kutoka hapo nikaenda kwa kwado wetu, yule mzee anayeziba pine karibu na parking, pale tunapongojea abiria. Alishika pine ya pili, akaigeuza, akaipiga konde, akaniangalia.

"Prof, hii tunatia nyuma?"

"Nyuma, mzee."

"Hii?"

"Hiyo. Ni ya ku front."

Akapangusa mikono, akaitia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunikatalia, aliniambia: "Nilifikiri mu bitabu kuko mayele mupya, akili mupya."

Ilikuwa bado kiangazi, vumbi tupu. Na kwenye vumbi pine ile ilitembea, nawaambia, ilitembea kama imetumwa na raisi. Wiki nzima nikawa ninapita pale reli kwa makusudi, naenda, narudi, reli yenyewe ikaanza kuniogopa. Na kama hiyo haikutosha, mnakumbuka wenyewe, nilisimama hapahapa, kwenye ubao huuhuu, na chaki, nikawafundisha. Nikachora pine. Nikaandika FRONT, nikaeleza vita. Nikaandika TT, maana nayo ilikuwa ubavuni, nikawaambia ni "tout terrain," inapita kila mahali, mlimani, mtoni, hata Shinkolobwe ndani ya mashimo. Mpaka leo sijui TT ni nini, na sitafsiri tena. Mkapiga makofi. Kesho yake ndugu kumi na mmoja wa parking yetu wakaenda kwa yule kijana, kila mmoja akarudi na pine mbili za vita. Mmoja alimwambia bibi yake kwamba pine hii inaweza kupita juu ya bomu.

Halafu mvua ikaanza.

Siku ile ya kwanza ya mvua nilikuwa nimekwenda ziwani Tshangalele kumchukua mama mmoja anayeuza samaki. Yuko pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani, na atanirekebisha nikidanganya. Alipanda, beseni mapajani, tukaanza kurudi. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa, umekuwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Kwenye mteremko wa kwanza nikasikia nyuma ya moto inatingishika. Kwenye wa pili, nyuma ikawa inataka kunipita. Nimeishika mbele, nyuma inakuja kando yangu, tunaangaliana. Nikafunga frein. Msifanye vile.

Niliruka. Mama anasema niliruka nusu mita tu. Yeye alikuwa chini. Mimi niliyekuwa kule juu nawaambia niliona ziwa lote, nikaona mabati ya Likasi, nikaona na bibi yangu anatoa sindano mdomoni. Nikaanguka kwenye matope hadi kwenye mashavu. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Samaki tu ndio walitawanyika njiani, wakiniangalia.

Mama alikuwa amekaa ndani ya matope kama amekaa kwenye kiti cha sebuleni. Hakulia. Aliniuliza kwa utulivu:

"Papa, minye nilipanda moto. Nani alikuambia tumalizie na mutumbwi?"

"Mama, haiwezekane. Hii pine haiangukake. Ni ya ku front."

"Ya wapi?"

"Ya ku front. Angalia, iliandikwa."

Akasogea kwa magoti, akapangusa ubavu wa pine ya nyuma na pindo la kikwembe chake cha kiunoni. Akasoma. Halafu akaanza kucheka. Nimesikia watu wakicheka maishani, lakini kicheko kile kilianzia chini ya tumbo kikazunguka ziwa, kikarudi.

"Papa, hii ni kingereza."

"Mama, ni Kifaransa. Front. Kule ku vita, kwenye basoda banapiganiaka. Mbele."

"Ni kingereza. Minye nilikuwa naendaka Zambia kununua bintu, miaka na miaka. Ku bus ya kule banaandikaka front ku mulango ya mbele. Minye njo mulango nilikuwa naingiliaka, na hakuna siku nilikuta vita ndani. Front ni mbele. Mbele ya moto, papa. Gurudumu ya mbele."

Nikaangalia pine ya nyuma. FRONT. Nikazunguka nikaangalia ya mbele. FRONT. Miaka sita ya masomo ya jioni ilinishuka kutoka kichwani ikaingia kwenye gumboots.

"Hii ya mistari ni ya kuongoza," mama akaendelea, anakamua kikwembe. "Nyuma njo inasukuma, inaomba meno. Weye ulivalisha moto viatu bibili vya muguu moja."

Ndugu zangu, kitu cha kwanza nilichofanya hapo sijivunii. Sikufikiri juu yenu. Nilifikiri juu ya pusupusu. Niliokota samaki mmoja mmoja, nikawaosha kwenye mtaro wa maji safi, nikampangia mama beseni lake, halafu nikamwomba: mama, bibi yangu asijue. Akaniangalia, akasema: "Minye siko bibi yako. Sitaenda kumuambia. Lakini hii siri, weye njo utabeba." Nikasukuma moto mpaka lami, nikaiosha, nikajiosha. Nyumbani nikasema nilisaidia kusukuma kamio, lori, iliyokwama. Bibi akasema "pole, papa," akanipashia maji ya kuoga. Maji yale ya moto yaliniunguza kuliko kama angenipiga.

Siku mbili nilinyamaza. Niliendesha polepole, kobe walikuwa wananipita wananisalimia. Mara kumi nilifungua mdomo hapo parking niwaambie, mara kumi nikaufunga, maana nilijua nikisema kwa watu kumi na mmoja, saa ileile itafika kwenye mashine ya kushona. Kusema ni kuuza moto. Kunyamaza ni kubaki na moto. Hesabu ilikuwa rahisi, na mimi nilikuwa ninajiona mwerevu.

Siku ya tatu, asubuhi, mbingu nyeusi tii. Nimesimama barabarani, ndugu mmoja wa wale kumi na mmoja akapita. Alikuwa amebeba binti zake wawili kuwapeleka shule, wamevaa uniforme mpya, mashono ya bibi yangu, naijua ile kola. Akanipigia honi, akapaza sauti: "Prof, front inaenda." Akaniinulia na dole gumba. Nikaangalia pine ya nyuma inapita, mistari yake imenyooka, na tone la kwanza la mvua likanipiga puani.

Sikupanda moto yangu, maana ningeanguka nisifike. Nilikimbia. Nilimkimbilia mbele ya soko zima, na mwili huu mnaouona, gumboots mguuni, nikipiga kelele "simama, simama." Alisimama kwa sababu alifikiri nimeibiwa. Nikamwambia shusha watoto. Nikawapeleka kwa miguu mimi mwenyewe mpaka mlango wa shule, yeye anasukuma moto nyuma yetu na haelewi. Halafu nikaenda parking, nikapanda juu ya benchi, nikasema yote. Nilianguka. Front si vita. Front ni mbele. Mimi njo niliwadanganya, na nilijua siku mbili.

Nilisikia mvua kwenye mabati. Halafu mmoja akasema taratibu: "Sasa ile bomu minye nitaeleza namna gani ku nyumba?" Wakaanguka kwa kicheko, wote, mmoja aliegemea moto yake ikalala chini, bila hata mvua kuigusa. Kwado alicheka akatoka nje kulowa kidogo apoe. Lakini yule baba wa binti wawili hakucheka. Alinishika mkono tu, akanikamua vidole, akaondoka.

Saa sita mchana bibi alikuwa anajua. Nilimkuta amesimamisha mashine. Sindano zilikuwa mezani.

"Ulianguka?"

"Niliangukaka, mama."

"Ile siku ya kamio?"

"Kamio haikuwako."

"Nilijua," akasema. "Kamio haitoake harufu ya samaki."

Na alitimiza neno lake. Alichukua kartoni, akaandika À VENDRE, inauzwa, kwa herufi nzuri, akaitundika kwenye moto mbele ya nyumba. Shemeji alipita jioni ileile, akaniambia pusupusu ameipaka grisi, iko inanisubiria. Nikalala chali nikiangalia diplome, mimi nayo hatukusemeshana.

Wanunuzi walikuja. Lakini bibi yangu hajui kusema uongo, hilo ndilo tatizo la nyumba yetu, mimi nimechukua sehemu yake yote. Mnunuzi akiuliza "mama, kwa nini unauza?" yeye anamweleza. Vita, bomu, mlango wa bus, samaki. Akifika kwenye mtumbwi mnunuzi ameshakaa chini anafuta machozi, akifika mwisho anaaga anakimbia kwenda kuwaeleza wenzake. Watu wakaanza kuja kutoka mbali, wanasema "tunakuja kuona moto," na hawana hata senti. Walikuja kusikiliza.

Mwishoni akaja mama wa samaki. Nilijificha nyuma ya mlango. Nikasikia bibi anamwambia: "Mama, nakuomba pardon juu ya bwana yangu." Na mama akajibu:

"Alinitupa ku matope, kweli. Lakini aliokota samaki yangu yote, na aliosha mpaka macho. Halafu nasikia alikimbia na mvua juu ya kuokoa batoto ba bantu, na alijua weye utauzisha. Minye nanunua hii moto. Lakini naitaka na mwenye kuiendesha juu yake."

Bibi akaishika ile kartoni.

"Moto naweza uzisha," akasema. "Huyu hapana. Na bila huyu, moto inakusaidia nini?"

Akashusha kartoni.

Kesho yake tukaenda sokoni, yeye mbele, mimi na kumi kati ya wale ndugu nyuma, kila mmoja na pine ya mistari begani. Yule kijana alipotuona alijifunika uso. "Mama, niliambia papa mara tatu, ya mbele," akasema. Bibi akamwambia anajua, hakuna anayemlaumu. Kijana akazipokea tena zote zilizokuwa bado nzuri, akatupunguzia bei ya za nyuma, maana kusema kweli tulikuwa tumemfanyia matangazo kuliko redio. Na bibi yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alishika pine yenye meno, hakuangalia ubavu, hakutafuta maandishi. Akamuuliza kijana kitu kimoja: "Hii, ku moto, inakaa wapi?"

Nimejaribu kupima swali hilo. Linachukua muda wa kupiga chafya. Mimi nilikuwa na miaka sita ya masomo.

Kwa hiyo nawaambia yale niliyonayo. Pesa ikiwa haitoshi pine mbili nzuri, nunua moja nzuri ya nyuma, ndiyo inayobeba abiria. Ile ya mbele ya mistari ni rahisi na inakaa muda mrefu, lakini mahali pake ni mbele. Ya okazio, pitisha kidole. Na mkiona mtu mwenye cheo anakosea, hata kama mnamwita Prof, mkosoeni palepale. Kosa langu watatu waliliona: kijana, kwado, na ndugu mmoja wa parking aliyeniambia baadaye pine ile ilimshangaza. Wote walinyamaza kwa heshima. Heshima ile ilitaka kutuvunja miguu.

Nashukuru mama mwenye kitambaa cha kijani. Nashukuru kwado, kijana wa sokoni, na ninyi mliocheka badala ya kunipiga. Bibi yangu sitamshukuru hapa, ataniambia nimeongea sana.

Neno la mwisho. Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja bado hajabadilisha. Simtaji. Anaona haya, anasema atapita kwa kwado siku watu watakapokuwa wachache. Ndugu yangu, angalia dirishani. Tukitoka hapa usiiwashe hiyo moto. Mimi nitashika nyuma, weye utashika usukani, tutaisukuma pamoja mpaka kwa kwado, na watu wakicheka, waambie wamcheke Prof.